Hati Kuukuu za Ardhi Zina Nasaba, Lakini Si za Watu Wote

Wahenga walituachia msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu wa biashara huutumia kuwafunza wanafunzi wao umuhimu wa kuweka hesabu, na hapana shaka wana haki. Mimi nimekuwa nikiutafakari msemo huo kwa mkabala mwingine. Je, daftari likihifadhiwa kwa miaka mia tatu, ilhali waliolianzisha ndio waliotwaa ardhi ya wenzao, daftari hilo litatupa habari za nani? Kisa kinachonisukuma kuuliza hivyo ni cha Ayalandi, nchi ambayo wazao wa watu wake waliotawanyika Marekani, Kanada, Australia na Uingereza huitafuta nasaba yao kwa kupekua hati kuukuu za ardhi.

Ni vyema nieleze kwanza kwa nini watu hao wakaangukia kwenye hati za ardhi badala ya orodha za sensa au rejista za makanisa. Mnamo tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jumba la mahakama liitwalo Four Courts jijini Dublin lilikumbwa na mlipuko na moto, na hazina ya nyaraka za taifa iliyokuwa hapo ikateketea. Karatasi za sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zikawa majivu isipokuwa sehemu chache. Wasia za karne nyingi zikaangamia, pamoja na rejista nyingi za ubatizo, ndoa na mazishi za Kanisa la Kianglikana. Karatasi za sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa ili kutengeneza karatasi nyingine wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Hivyo basi, sensa ya kale zaidi iliyosalia kamili ni ya 1901.

Msomaji na aipime hasara hiyo. Kati ya 1845 na 1852 Ayalandi ilipatwa na Baa Kubwa la Njaa baada ya ugonjwa kuharibu viazi. Watu wapatao milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Sensa ya 1841 ilihesabu watu 8,175,124. Ile ya 1851 ikahesabu 6,552,385. Jumla hizo tunazo kwa sababu zilichapishwa vitabuni. Majina hayakuchapishwa, na moto wa 1922 ukayala. Mjukuu wa mhamiaji anaweza kujua kwamba nchi ilipoteza watu zaidi ya milioni moja na nusu katika miaka kumi, asijue babu yake mzaa babu alilima shamba gani.

Katika maafa hayo, Masjala ya Hati ilinusurika kwa kuwa ilikuwa katika jengo jingine, kwenye barabara ya Henrietta mjini humo. Masjala hiyo iliundwa kwa sheria ya Bunge la Ayalandi ya 1707 na ikaanza kazi mwaka wa 1708. Kumbukumbu zake zimefuatana tangu siku hizo. Ndiyo maana mtu atafutaye ukoo wake katika karne ya 18 hupelekwa huko, na akifika huona kama kwamba ameangukia hazina.

Lakini hazina hiyo ilikusanywa kwa nia gani? Hapa ndipo mwalimu wa historia anapopaswa kumsimamisha mwanafunzi kabla hajafungua kitabu. Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, walimiliki karibu asilimia 59 ya ardhi mwaka wa 1641. Baada ya vita vya Cromwell na ugawaji wa mashamba uliofuata, sehemu yao ilishuka hadi asilimia 22 kufikia 1688, na baada ya vita vingine ikawa asilimia 14 mnamo 1703. Mwaka wa 1704 ikatoka sheria iliyomkataza Mkatoliki kununua ardhi, na iliyomkataza kukodi shamba kwa muda unaozidi miaka 31. Mkatoliki aliyekuwa na ardhi alipofariki, ilibidi igawanywe sawasawa baina ya wanawe wote wa kiume, ila mwana wa kwanza akikubali kuingia Kanisa la Kianglikana. Huyo aliweza kuirithi yote. Masjala iliundwa miaka michache tu baadaye. Sheria yake ilisema kwamba shabaha ni kuwakinga wanunuzi dhidi ya hati za kughushi na mauzo ya hila. Aidha, ilirahisisha kazi ya kuchunguza kama ardhi ilikuwa ikirudi kichinichini mikononi mwa Wakatoliki.

Utaratibu wenyewe ulikuwa makini. Watu wawili walipoandikiana hati, muhtasari wake ulitayarishwa, ukatiwa sahihi na muhuri na mmoja wa wahusika mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na mmoja wa mashahidi hao alipaswa kuwa ameishuhudia hati yenyewe. Shahidi huyo alikula kiapo kwamba muhtasari ni wa kweli. Makarani wakaunakili katika vitabu vikubwa, na hati ikarudi kwa mwenyewe. Kuandikisha hakukuwa lazima, lakini hati iliyoandikishwa ilishinda mahakamani ile isiyoandikishwa, kwa hiyo mwenye mali alikuwa na sababu njema ya kutumia fedha zake huko.

Sasa tutazame vile mtafuta nasaba anavyonufaika. Upangaji mwingi wa zamani haukuhesabiwa kwa miaka bali kwa uhai wa watu. Kabaila alimkodisha mpangaji shamba kwa muda wa uhai wa watu watatu waliotajwa kwa majina. Maadamu mmoja wao angali hai, mkataba ulidumu. Mpangaji mwerevu hakuwataja wazee. Aliwataja watoto wake, mara nyingi na umri wao, ili mkataba uishi sana. Tuchukue mfano wa kubuni: mkataba wa 1765 uwataje John wa miaka 9, Thomas wa miaka 6 na Mary wa miaka 3, watoto wa mpangaji. Karani aliyenakili mistari hiyo alikuwa akiandika habari za shamba, kumbe amemwachia mzao wa leo majina na umri wa watoto watatu ambao rejista yao ya ubatizo huenda iliungua.

Hati za makubaliano ya ndoa nazo zina neema kama hiyo. Humo hutajwa bibi harusi, baba yake, wakati mwingine na ndugu zake, mahari aliyokuja nayo, na fedha atakazolipwa kila mwaka endapo atafiwa na mumewe. Mashahidi huandikwa pamoja na makao yao na kazi zao. Mara nyingi mjomba au shemeji hujitokeza hapo, asionekane tena popote.

Hata muda wa mkataba una la kusema. Hati ya kabla ya 1778 inayotoa shamba kwa miaka 31 humfanya msomaji ashuku kwamba mpangaji alikuwa Mkatoliki, kwa maana huo ndio uliokuwa ukomo wake kisheria. Hati ya uhai wa watu watatu katika miaka hiyo huelekeza kwa Mprotestanti. Mwaka wa 1778 Wakatoliki waliruhusiwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 999 au uhai wa watu watano, na mwaka wa 1782 wakaruhusiwa kununua. Mnamo 1793 walipewa haki ya kupiga kura. Kwa kuwa mkataba wa uhai ulihesabiwa kuwa umiliki unaompa mtu kura, makabaila wakapata sababu ya kuwapa wapangaji wadogo mikataba ya namna hiyo ili wajiongezee wapiga kura. Naam, mabadiliko ya siasa yamelala ndani ya vipengele vya mikataba ya mashamba, na mwanafunzi anayejua tarehe hizi atasoma mengi yasiyoandikwa.

Hata hivyo, hati yaweza pia kudanganya. Wako Wakatoliki waliomwomba jirani Mprotestanti ashike ardhi kwa jina lake, kwa siri na kwa uaminifu, huku wao wakiendelea kuila. Sheria ya 1709 ikampa Mprotestanti yeyote aliyefichua siri hiyo haki ya kuidai ardhi hiyo kwa ajili yake mwenyewe. Nao watu wakabuni hila nyingine: rafiki akafanya ufichuzi wa urafiki, akaidai ardhi mahakamani ili mfichuzi mbaya asiitwae. Kwa hiyo jina lililo juu ya karatasi huenda si la mwenye shamba, na mfichuzi anayeonekana adui huenda alikuwa mlinzi.

Na kuna tatizo kubwa zaidi, ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya. Faharasa ya majina katika masjala hiyo ilipangwa kwa jina la mtoaji wa ardhi. Mpokeaji hakupangiwa faharasa yake. Mtu anayejua kwamba babu yake alikuwa mpangaji hawezi kumfikia kwa jina lake. Sharti ajue jina la kabaila, au jina la kijisehemu cha ardhi, na vijisehemu hivyo vyenye majina nchini humo ni zaidi ya 60,000. Majina yenyewe yamegeuzwa na masikio ya makarani Waingereza. Mac Gabhann, ambalo katika lugha ya Kiayalandi maana yake ni mwana wa mhunzi, katika hati nyingi limekuwa Smith. Njia ya kumfikia mnyonge, hata baada ya kufa kwake, hupitia mlangoni mwa bwana wake.

Isitoshe, huyo tunayemtafuta ni mnyonge mwenye bahati. Wengi hawakuwa na mkataba wowote wa kuandikisha. Waliitwa wapangaji wa ridhaa: walikaa kwa ridhaa ya mwenye ardhi, na ridhaa ikiisha walitoka. Pamoja nao walikuwapo vibarua waliopewa kibanda na kiraba cha viazi kwa malipo ya jasho. Hao ndio waliokufa na kuhama kwa wingi wakati wa njaa, na ndio mababu wa wengi wanaotafuta leo. Katika vitabu vya masjala ni nadra kuwaona. Yeyote anayewatafuta hana budi kutumia orodha za kodi: vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837, na ukadiriaji wa thamani ya ardhi uliosimamiwa na Richard Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864. Serikali iliwaandika ilipotaka kuwatoza.

Sisi Wakenya tusiisome habari hii kana kwamba ni ngano ya ng'ambo. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 iliwapa walowezi mashamba kwa mikataba ya miaka 999, idadi ile ile waliyoijua wanasheria wa Dublin mwaka wa 1778. Mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua, katika kesi ya Wakikuyu waliokuwa wakigombea ardhi, kwamba wenyeji hao walikuwa wapangaji kwa ridhaa ya Mfalme. Ni istilahi ile ile iliyomhusu mkulima wa Ayalandi. Katiba yetu ya 2010 imeweka ukomo wa miaka 99 kwa mtu asiye raia, lakini majalada ya zamani yangali na sauti ya walioyaandika. Mwanafunzi akiyafungua atamkuta mlowezi kwa jina lake kamili, eneo la shamba lake na kodi yake. Aliyekuwa akiishi hapo kabla yake huenda asitajwe kabisa.

Je, tuzitupe basi hati hizi kwa kuwa zimezaliwa na dhuluma? La hasha. Waayalandi hawakuzitupa. Wamezipiga picha, wamezitengenezea faharasa mpya za majina ambayo makarani hawakuyajali, na mwaka wa 2022, miaka mia moja baada ya moto, wasomi wao wakafungua hazina ya kidijitali inayokusanya nakala za nyaraka zilizoungua kutoka maktaba na hifadhi za nchi mbalimbali. Chombo kilichoundwa kulinda unyakuzi kimegeuzwa kuwa ushahidi wa walionyakuliwa. Kazi hiyo haikufanywa na karatasi. Imefanywa na watu waliojifunza kuzisoma kwa makini na kuuliza ni nani hayumo.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mnapofunza somo la historia, msiwape wanafunzi tarehe za sheria za ardhi peke yake. Wapeni hati moja, hata kama ni nakala hafifu ya mkataba wa shamba la jirani, waulize maswali manne: nani ametoa, nani amepokea, nani ameshuhudia, na nani alikuwa akilima hapo siku hiyo bila kutajwa. Jibu la swali la nne hawatalipata ofisini. Watalipata kwa nyanya na babu, katika majina ya mito, miti na makaburi, na katika ugomvi wa mipaka ambao wazee bado wanaukumbuka. Wayaandike majibu hayo sasa, waweke nakala mahali zaidi ya pamoja. Ayalandi iliweka karibu kumbukumbu zake zote chini ya paa moja, na siku moja ilitosha kuzimaliza. Kwetu sisi kumbukumbu nyingi zimo vifuani mwa wazee, na kila msiba kijijini huondoka na jalada ambalo halina nakala.