Istilahi za Mlo Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu ni rasimu ya maelekezo ya mlo kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Elimu hii si mpya duniani, kwani Dakta Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliuanzisha upasuaji wa kukipitishia chakula njia ya mkato mnamo mwaka 1966. Kwetu imekaribia katika miaka hii ya 2020, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kutoa huduma za namna hiyo Mloganzila. Maneno ambayo zamani yangesomwa na madaktari peke yao sasa hutiwa mfukoni na mgonjwa mpaka kwao, na kwao huenda kukawa Ikwiriri. Huko ndiko tulikokwenda kuisoma rasimu ile kwa sauti, mbele ya watu wanaopika na kupakua.

Kwanza jina lenyewe. Wengi husema "kupunguza tumbo". Mwalimu wa elimu ya viumbe ana haki ya kukiita kiungo kile tumbo, lakini mtaani tumbo ni hili linaloonekana chini ya shati, yaani kitambi. Katika aina ya upasuaji iliyoenea zaidi, daktari huondoa kama robo tatu ya kiungo kinachopokea chakula, au zaidi kidogo, akaacha mfereji mwembamba; mafuta ya kitambi hayagusi. Anayedhani amekatwa mafuta atadhani pia kwamba anaweza kula kama jana. Kwa sababu hiyo twapendekeza "mfuko wa chakula" kwa kiungo hicho katika maandishi ya wagonjwa. Ama kuhusu puto, ambalo hupitishwa kinywani, likajazwa maji ya chumvi ndani ya mfuko wa chakula na kutolewa baada ya miezi kadhaa, hilo lisiitwe upasuaji, maana hapana kinachopasuliwa. "Uwekaji puto" latosha.

Rasimu ilisema: "Kula robo kikombe." Mama mmoja wa Ikwiriri akatuuliza, "Kikombe kipi, wanangu?" Swali lake lilikuwa na maana kuliko kurasa mbili za rasimu ile. Kuna kikombe cha kahawa, kuna cha chai, na kuna kile kikubwa cha bati ambacho wengine hupimia hata mchele. Watu wa mwambao wana vipimo vyao vya tangu zamani, pishi moja kuwa vibaba vinne na kisaga kuwa vibaba viwili, lakini hivyo ni vya ghalani na dukani. Vipimo vya mkono na kinywa, yaani tonge na funda, hufuata ukubwa wa mwenye mkono na mwenye kinywa. Mfuko uliobaki huenda usipokee zaidi ya mililita 100 au 150. Kwa aliyefanyiwa njia ya mkato, kifuko kipya huwa cha mililita 30 hivi. Kuujaza kupita kiasi siku za mwanzo huleta kutapika, na kutapika huutesa mshono ambao haujapona. Hapa mfasiri asione haya kuwa mkavu: aandike mililita, na kando yake kijiko cha chai, ambacho ni mililita 5, au kijiko cha chakula, ambacho ni 15. Kiasi chenyewe hupangwa na daktari.

Pili ni neno "mboga". Rasimu ilimtaka mgonjwa aanze na chakula chenye protini, kisha mboga, na wanga mwisho. Agizo ni zuri, kwa kuwa nafasi ni ndogo na mwili wahitaji gramu 60 au zaidi za protini kila siku. Lakini katika nyumba nyingi nchini mwetu, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, awe perege, kambale au kisamvu. Na "chakula" ni ule ugali au wali wenyewe. Msomaji wa namna hii huambiwa aanze na chakula, naye hutii kwa kuanza na wali! Lugha yetu imekwisha tupa dawa: "kitoweo". "Anza na kitoweo: samaki, yai au kuku" ni sentensi isiyohitaji mkalimani. Majani na yaitwe "mboga za majani".

Tatu, na hapa ndipo palipotuchukulia muda mrefu zaidi, ni kula na kunywa. Wagonjwa hawa hukatazwa kunywa wakati wa mlo, tena husubiri kama dakika 30 baada yake. Sasa Mswahili hunywa uji, hunywa supu, na hata vidonge huvinywa. Je, uji wa asubuhi ni mlo au ni kinywaji? Akiuhesabu kuwa kinywaji, atakunywa bakuli zima nusu saa baada ya kula, na siku yake imeharibika. Twashauri kila karatasi ieleze mapema kwamba uji, maziwa na mtindi huhesabiwa pamoja na milo, na kwamba kinywaji ni maji na chai isiyo na maziwa wala sukari. Maji nayo yanyweke kidogo kidogo, wala si kwa mkupuo.

Hatua za mlo zinafuata hapo. Ya mwanzo rasimu iliiita "vinywaji vyeupe", jambo ambalo lingemleta mgonjwa kwenye maziwa kabla ya wakati. Kinachotakiwa ni kinywaji ambacho ukikitia katika glasi waona upande wa pili, kwa hiyo "majimaji maangavu". Baadaye huja majimaji mazito, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vyakula laini, na baada ya kama miezi miwili mlo wa kawaida kwa kiasi kidogo. Kwa ulaini wa chakula kilichopondwa tulitaka mfano, tukapewa "mashendea". Lilitupendeza kuliko "ubwabwa", ambao siku hizi umehamia kwenye harusi ukawa wali wa shughuli. Mfano huo ni wa ulaini tu; mgonjwa asianze na mchele.

Neno "shiba" ni gumu zaidi, kwa sababu ni neno la baraka. Mgeni wa Ikwiriri huongezewa mpaka aseme ameshiba, na asiposema hudhaniwa ana haya. Mgonjwa wetu akingoja shibe ya namna hiyo amechelewa: amekwisha vimbiwa. "Kinai" nako huweza kumaanisha kutosheka na chakula, lakini pia kuchukizwa nacho. Tumechagua "tosheka", na karatasi iseme: "Acha kula mara unapotosheka, hata kama sahani haijaisha." Zaidi ya hayo, apakuliwe sahani yake mbali na sinia, maana penye sinia hakuna ajuaye amekula tonge ngapi.

Limebaki lile tatizo la chakula chenye sukari nyingi kuteremka upesi mno kwenye utumbo mwembamba, likaleta jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuhara. Anayefuata kamusi za Kiingereza neno kwa neno ataandika "utupaji", kana kwamba ni habari ya jalala. Twaleta "mmiminiko wa ghafla" kwa majaribio, na tungefurahi walimu wa uuguzi wakilijaribu darasani na kutuandikia. Kwa vidonge vya vitamini na madini, ambavyo mgonjwa hutakiwa kuvitumia maisha yake yote, rasimu iliandika "kwa muda mrefu". Tumelifuta, tukaandika "maisha yote".