Uyoga wa Masika: Elimu Itangulie Chungu

Mvua za masika zikishika, watoto hurudi kutoka vichakani na vikapu vya uyoga, wakitaraji mama ateleke chungu. Wiki iliyopita wanangu walileta wao, mweupe wa kupendeza. Nilikaribia kuwaruhusu, nikikumbuka Hadithi iliyopokewa na Said bin Zayd (r.a.), katika Bukhari na Muslim, inayoihesabu kam'a kuwa sehemu ya Manna.

Bibi yao akanizuia. Aliushika mmoja, akanionyesha shinani palipo na kifuko mfano wa ganda la yai lililopasuka. "Mwanangu, huu si wa kichuguu," alisema. "Wa kichuguu una mzizi mrefu uzamao hadi kwenye makao ya mchwa." Tukaufukia wote.

Niliporejea vitabuni nilitahayari. Kam'a ni chakula cha jangwani kikuacho chini ya ardhi, chenye umbo la kiazi, kisicho na shina wala mwavuli. Kukifanya hoja ya kula kila uyoga ni kosa.

Ndugu msomaji, kosa hilo huua. Uyoga wa sumu kali wa jamii ya Amanita hauondoki sumu kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Mlaji huweza kujiona mzima kwa saa 6 hadi 24, ndipo akatapika na kuharisha. Baadaye hupata nafuu ya uongo, ilhali ini linaharibika. Aliyeula asisubiri dalili: apelekwe hospitali upesi, pamoja na mabaki ya uyoga huo. Wala usihadaike kwa kuona umeliwa na wadudu. Kisichomdhuru konokono chaweza kumuua mwanadamu.

Usiku ule bibi alitupikia supu ya nyanya. Alikaanga kitunguu maji na kitunguu saumu, akatia nyanya mbivu zilizomenywa, akazichemsha mpaka zikarojeka, akazichuja, kisha akamalizia kwa tui zito na pilipili manga. Watoto waliinywa kwa mkate wa ufuta, wakaomba tena.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, inatuamrisha kula kilicho halali na kizuri (aya ya 168), na inatukataza kujiangamiza kwa mikono yetu (aya ya 195). Basi uyoga ambao mjuzi hakuuthibitisha, usivuke kizingiti cha jiko lako. Na wazee wenye ujuzi huo tuwaulize wangali hai.

Wabillahi tawfiq.