Gita moja, haki tatu

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta kijana akipiga gita mjini Jadotville, Katanga, mji ambao leo ni Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa 1930. Kati ya nyimbo alizorekodi siku hizo, “Masanga” ndiyo ambayo hadi leo mpiga gita kavu wa ukanda wetu hupimwa nayo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft aliichambua kwa nota katika jarida la African Music. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikuja Nairobi, akawa na kipindi redioni, na kizazi kizima cha wapiga gita wa Kenya kikamsikiliza na kumwiga.

Anayeisikia “Masanga” mara ya kwanza huamini kuwa wanapiga watu wawili. Yuko mmoja tu, anatumia kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linazunguka kwenye nyuzi nene bila kupumzika, likishika besi na mwendo. Kidole cha shahada kinachokonoa nyuzi nyembamba, kinachomoza kabla ya pigo au kuchelewa kidogo baada yake, ndipo wimbo unapozaliwa. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi wa Kisa aliuchukua ufundi wa vidole viwili akaupa mwendo wa kwao, mtindo unaoitwa omutibo. Kando yake aliketi mtu wa kupiga chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mistari. Mukabi aliaga dunia mwaka 1963, akiwa bado kijana.

Nawataja hawa wawili kwa sababu kazi yangu ni kuwashauri wanamuziki kuhusu hakimiliki, na wengi wanaonijia ni wapiga gita wa peke yao: hawana bendi, hawana meneja, hawana kampuni. Swali lao huwa moja. Je, gita linaweza kumlisha mtu? Mwenda mwenyewe, aliyealikwa hadi tamasha la Newport kule Marekani mwaka 1969, hakulitegemea gita pekee. Alifanya kazi benki, akawa katika utawala wa mji, akaajiriwa na kampuni ya migodi ya Gécamines, akasimamia timu za kandanda, akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Sioni aibu yoyote hapo. Kinachoniuma ni kwamba enzi za sahani za santuri wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki walilipwa mara moja, wimbo kwa wimbo, wakaondoka studio na noti chache huku sahani ikiendelea kuuzwa miaka na miaka.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mpiga gita wa leo nafasi ambayo wazee hao hawakuwa nayo. Katika rekodi moja ya gita mna haki tatu. Ya kwanza ni ya mtunzi: ule wimbo wenyewe, hata ukipigwa na mtu mwingine kwa ala nyingine. Ya pili ni ya mwimbaji au mpigaji: jinsi vidole vyake vilivyoupiga siku hiyo. Ya tatu ni ya mtayarishaji wa rekodi, na sheria inamtambua kuwa ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Basi kijana aliyetunga mwenyewe, akapiga mwenyewe, na kulipia saa za studio kutoka mfukoni mwake, anazo zote tatu. Bendi ya watu wanane iliyogharimiwa na kampuni haiwezi kusema hivyo. Upweke wa mpiga gita, ambao wengi huuona kama umaskini, kisheria ni utajiri.

Bodi ya Hakimiliki ya Kenya iko Upper Hill, na kwa miaka mingi ofisi zake zimekuwa katika jengo lililojulikana kama NHIF, Barabara ya Ragati. Usajili wa kazi hauzai haki. Haki huzaliwa yenyewe mara wimbo unaporekodiwa au kuandikwa. Cheti cha bodi ni ushahidi, na ushahidi una thamani kubwa siku ya ugomvi. “Malaika” ulirekodiwa na Fadhili William mapema miaka ya 1960 na kuimbwa baadaye na Miriam Makeba na Boney M, lakini hadi leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili au ni Adam Salim wa Tanzania. Karatasi yenye tarehe, iliyowekwa mapema, ingepunguza sana ubishi huo.

Upper Hill hiyohiyo, ambayo zamani ilikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, sasa imejaa maghorofa ya ofisi na hoteli kubwa, na hoteli ni mwajiri mzuri wa gita kavu wakati wa chakula cha jioni. Hapo mpigaji hulipwa ujira wa usiku huo kwa makubaliano. Lakini akiondoka na hoteli ikaweka rekodi yake kwenye spika, malipo mengine yanaanza: ya mtunzi, ambayo kwa muda mrefu yalikusanywa na MCSK, chama cha tangu 1983, ya mtayarishaji kupitia chama cha KAMP, na ya mpigaji kupitia chama cha PRISK. Leseni za ukusanyaji zimezua mivutano mikali. Mwaka 2017 MCSK ilinyimwa leseni, nayo ikapewa chama kingine, MPAKE, na kesi hazikukosekana. Ushauri wangu ni kuuliza kwanza nani ana leseni mwaka huu, kisha kujiunga kwa kila kofia unayovaa. Nimeona wapigaji waliojiandikisha kama watunzi pekee, na sehemu zao nyingine mbili zikakaa bila mwenyewe. Kwenye milio ya simu hesabu iko wazi zaidi: marekebisho ya sheria ya 2022 yanamhakikishia msanii au mwenye haki angalau asilimia 52 ya mapato.

Mtego mkubwa uko kwenye kazi ya kuagizwa. Kampuni inakuita, inataka sekunde thelathini za gita kwa tangazo lake. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wengi hawajui hili. Wanadhani kimya kinawalinda, kumbe kimya kinawavua. Mstari mmoja unatosha: mtunzi anabaki na hakimiliki, na mteja anapewa ruhusa ya kuutumia wimbo kwenye tangazo hili kwa miezi kadhaa. Uandike kabla ya kugusa nyuzi, nyote mtie sahihi.

Muda nao una mwisho. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ya rekodi, miaka 50 tangu ilipofanywa. Kwa kipimo hicho, rekodi ya Mwenda ya 1952 ilimaliza muda wake mwisho wa 2002. Yeye alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, hivyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2040. Za Mukabi, kwa kipimo hichohicho, zilikuwa huru mwisho wa 2013, na yeyote anaweza kuzipiga na kuzirekodi, akiwa na haki juu ya upigaji wake mpya.

Na yule wa chupa? Sheria inamhesabu kuwa mpigaji, sawa na mwenye gita. Ukirekodi naye, mwandike jina kwenye fomu na mkubaliane mgawo wake kabla hamjatoka studio.