KITENGELA: NANI MGENI, NANI MWENYEJI?

Neno "mgeni" ni neno tamu kwetu sisi watu wa pwani. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nyumba ya Kiswahili haikukamilika mpaka ijengewe baraza nje, kwa ajili ya mtu ambaye hajulikani atafika saa ngapi. Lakini neno hilohilo likitiwa kinywani mwa mwanasiasa wakati wa kura hugeuka likawa shoka. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa hayo. Tuliyaona ya Likoni mwezi wa Agosti 1997, na wale waliouawa na waliokimbia vyumba vyao hawakuulizwa kwanza kama walikuwa na risiti za kodi.

Sasa neno hilo nimelikuta bara, Kitengela, kaunti ya Kajiado, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Nairobi kwa barabara iendayo Namanga. Nilikwenda huko kumzuru mpwa wangu ashonaye nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River, nikapata wasaa wa kuketi na watu wa kila namna. Kila niliyeketi naye, mazungumzo yaliishia mahali pamoja: kodi imepanda, ploti hazishikiki, na wageni wamezidi. Ila ukiuliza ni wageni gani, hapo ndipo utamu ulipo, maana kila mmoja alikuwa na wake.

Mzee wa Kimaasai aliniambia wageni ni Wakikuyu, Wakamba na Wakisii. Mkikuyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyeingia hapo zamani, aliniambia wageni ni hawa waliohama juzi kutoka Nairobi. Na mpwa wangu, ambaye ni mgeni kwa hesabu zote mbili, alinishika mkono akaninong'oneza, "Mjomba, wageni ni Wasudani wa Kusini na Wakongomani. Wao wakitajiwa bei hawabishani, na mwenye nyumba akishaonja hilo, mimi ananitazama kama nzi."

Mabishano haya si ya Kitengela peke yake. Kanada, nchi iliyojisifu miaka mingi kwa kupokea watu, ilitangaza Oktoba 2024 kwamba itapunguza wahamiaji inaowapa ukaazi wa kudumu, kutoka 485,000 waliokusudiwa mwaka 2024 hadi 395,000 mwaka 2025, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni uhaba wa nyumba. Ikiwa Kanada na upana wake wote inalalamika kukosa pa kulala, msomaji, usimshangae mshonaji wa Kitengela.

ARDHI ILIKATWAJE

Kuna mambo ya nyuma ambayo wenye kupiga kelele za wageni hawayasemi.

Wamaasai walihamishwa mara mbili kwa karatasi za Waingereza. Mkataba wa 1904 uliwatoa Bonde la Ufa ukawagawa sehemu mbili, moja Laikipia na moja kusini. Mkataba wa 1911 ukawatoa hata huko Laikipia. Walikwenda kortini mwaka 1913 wakashindwa, si kwa kuwa hawakuwa na haki, bali kwa kuwa mahakama ilisema makubaliano yale ni kama ya dola mbili, na korti haina mamlaka nayo. (Ajabu ya sheria hiyo! Ulikuwa dola siku ya kunyang'anywa, na raia wa chini siku zote nyingine.)

Baada ya uhuru ikaja sheria ya 1968 iliyounda mashamba ya vikundi, yaani ranchi inayomilikiwa na wafugaji wengi kwa hati moja. Ng'ombe wakaendelea kutembea. Lakini mwaka 1988 ranchi ya kikundi ya Kitengela ikavunjwa, na wanachama wake, waliokuwa zaidi ya 200, wakapewa kila mmoja kipande chake na hati yake. Mtu akalala mfugaji akaamka mwenye mali ya kuuzika. Ukame ulipokuja, na karo za shule, na ugonjwa, kilichouzwa kilikuwa ardhi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na Athi River ikawa makao yake makuu. Kisha sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoitwa AGOA ikafungulia nguo za Afrika soko bila ushuru, na viwanda vya ushonaji vikataka mikono kwa maelfu. Mikono ina miili, na miili hulala. Athi River haikuwa na vyumba. Ng'ambo ya pili, Kitengela, kulikuwa na ploti. Pale palipokuwa kituo kidogo cha biashara kiitwacho Noonkopir pakaota ghorofa.

Hesabu za watu zasema hivi: mwaka 1999 Kajiado yote ilikuwa na watu 406,054. Mwaka 2009 wakawa 687,312. Mwaka 2019 wakawa 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulitoka watu wapatao 58,000 mwaka 2009 ukavuka 150,000 mwaka 2019. Huo ni mji ulioongezeka karibu mara tatu katika muda wa mtoto kutoka kuzaliwa hadi darasa la nne.

KODI NA SABABU ZAKE

Basi, ni wingi wa watu unaopandisha kodi? Sitamdanganya msomaji kwamba wingi si kitu. Chumba kimoja kikigombewa na watu watano, mwenye chumba hawezi kuwa walii. Na ni kweli kwamba katika mtaa mmoja mmoja, anayelipa kwa fedha zitumwazo na ndugu wa ng'ambo humtoa nje anayelipa kwa mshahara wa cherehani.

Lakini nilipotembea, nilipotoka barabara kuu na kufuata njia ya vumbi, nikaona jambo ambalo mpwa wangu hakunionesha: ploti kwa ploti zilizozungushiwa seng'enge, hazina nyumba, hazina hata choo, zina kibao tu. Wenyewe wako Nairobi, wako Marekani, wako Ghuba, wanangoja bei ipande. Ng'ombe hawezi kupita, mpangaji hawezi kulala. Zamani nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi kwenda malishoni kusini walihesabiwa zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970. Wamebaki elfu chache tu, kwa kuwa seng'enge haisomi ramani ya mbuga. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wafugaji dola 4 kwa eka moja kwa mwaka ili wasizungushe ua. Dola nne! Dalali akisikia hucheka mpaka akae chini.

Kisha kuna maji. Kitengela ni nchi kavu. Mwenye nyumba anayechimba kisima, au kununua maji ya boza, humtwisha mpangaji gharama ile, naye mpangaji hununua tena mtungi wa lita 20 siku kisima kinapokauka. Hiyo nayo ni kodi, ila haina risiti.

Na wakimbizi? Kenya imepokea zaidi ya laki nane, lakini walio wengi wako Dadaab na Kakuma, mbali kabisa na Kitengela. Mwezi wa Aprili 2014 serikali ilizoa maelfu ya watu Eastleigh ikawaweka uwanja wa Kasarani. Mimi sijakutana bado na mpangaji aliyeniambia kodi yake ilishushwa siku ile. Ama wale wageni wengine, Wakenya wenyewe, ibara ya 39 ya Katiba inawapa haki ya kukaa popote nchini. Kajiado haiwezi kuweka kizuizi pale Isinya ikahesabu vichwa kama Kanada.

Serikali imekuja na dawa yake, nyumba za bei nafuu. Kwa sheria ya mwaka 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia moja na nusu, na tajiri wake huongeza kiasi hichohicho. Anayepata shilingi 20,000 hutoa 300 kila mwezi. Mpwa wangu hutoa, na chumba bado humla thuluthi ya mshahara. Aliniuliza kama miongoni mwa nyumba zile iko yake. Nikamwambia aendelee kuuliza, tena aulize kwa sauti. Iko pia sheria ya kuzuia kodi isipande ovyo, na baraza lake la kusikiliza wapangaji, ila inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionesheni chumba hicho Kitengela nami nitahamia kesho.

YA KWETU MAJENGO

Kutoka Kitengela nilipanda matatu hadi mji wa Kajiado, na kutoka hapo kijana mmoja akanipeleka kwa pikipiki hadi bomani kwao. Baba yake alikuwa amekwenda na ng'ombe. Nikapokewa na mama yake, mke mkubwa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, mwanawe akawa mkalimani.

Eka zao zimebaki chache. Dalali amekuja mara tatu na karatasi, na mama huyu amekataa kutia kidole. Sheria ya mwaka 2013 ya mali ya ndoa inadai ridhaa ya mke kabla ya mali ya ndoa kuuzwa, ila katika ndoa ya mke mmoja, naye ni mke mkubwa. Watoto wa kiume wamegawanyika, mmoja ataka pikipiki ya pili, mwingine aogopa.

Akaniuliza, "Mzee, huko kwenu pwani, mtu aweza kuwaacha watu wajenge, naye asiuze ardhi?"

Nikamweleza ya kwetu. Majengo na Kisauni ziko nyumba maelfu ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Ardhi ni ya mmoja, nyumba ni ya mwingine, vyumba ni vya wapangaji, na mwenye nyumba humpelekea mwenye ardhi kodi ndogo ya kiwanja kila mwezi. Ndivyo maskini wengi wa Mombasa walivyopata paa. Sikumficha ubaya wake: karatasi ni haba, benki haikopeshi juu ya nyumba isiyo na ardhi, na mwenye ardhi akifa, warithi wake huweza kuuza kiwanja na wewe umo ndani. Nikamweleza pia habari za wakfu, mali isiyouzwa wala kurithiwa, na hilo lilimpendeza kuliko yote, akataka mwanawe alitafsiri mara mbili.

Akauliza kodi hiyo ya kiwanja ni kiasi gani. Nikasema ni kidogo. Akauliza, kidogo kila mwezi au kidogo mara moja? Nikasema kila mwezi. Akanyamaza, akamwambia mwanawe maneno ambayo hayakutafsiriwa, wakacheka wote wawili.

Dalali alikuwa ameahidi kurudi Ijumaa.