Majani mnayochoma kila asubuhi ni akiba ya bustani ya mboga

Katika nyumba nyingi siku huanza kwa ufagio. Mtoto hufagia uwanja, majani ya mwembe na mparachichi hurundikwa pembeni, kisha kiberiti huwashwa na moshi huingia hadi vyumbani. Hatua chache kutoka hapo lipo tuta la mchicha lililopasuka kwa ukavu, likisubiri ndoo ya maji ya jioni. Majani hayo yakitandikwa juu ya tuta hilo badala ya kuchomwa, familia hupunguza maji, palizi na moshi kwa wakati mmoja.

Wataalamu wa kilimo huyaita matandazo: nyasi, majani makavu au mabaki ya mazao yanayofunika udongo kuzunguka mimea. Si jambo geni. Mkoani Kagera, Wahaya kwa vizazi vingi wamekata nyasi kwenye maeneo ya rweya na kuzitandika katika vibanja vyao vya migomba na kahawa. Kinachofaa kibanja cha migomba kinafaa pia matuta mawili ya sukuma wiki nyuma ya jiko.

Kazi inayofanywa na matandazo

Udongo ulio wazi hupigwa na jua na upepo mchana kutwa, na maji uliyomwagilia asubuhi hupotea kabla mizizi haijayamaliza. Ukifunikwa, hubaki na ubaridi na unyevu. Katika miezi ya kiangazi, hasa kwa wanaonunua maji kwa dumu au kuyafuata mbali, kila umwagiliaji unaorukwa ni fedha na muda wa mama au mtoto.

Magugu nayo hupungua, kwa kuwa mbegu nyingi ndogo haziwezi kuota bila mwanga. Kwa familia inayolima kilimo hai, yaani bila dawa za viwandani, hilo ni jambo kubwa, maana jembe dogo na mikono ndiyo dawa pekee ya magugu.

Mvua inaponyesha, matone hayarushi tope kwenye majani. Tope hilo ndilo hubeba vimelea vya magonjwa kama bakajani kwenye nyanya. Na jikoni mpishi huona tofauti: mchicha hauji na mchanga unaosagika menoni, ule unaowafanya watoto wasukume sahani.

Mwisho, matandazo huoza polepole. Minyoo ya ardhini huyavuta chini na udongo huzidi kuwa laini na wenye rutuba mwaka hadi mwaka.

Namna ya kutandaza

Kwanza ng'oa magugu yote. Weka mboji au samadi iliyooza vizuri, kisha mwagilia hadi udongo ulowe. Usitandaze juu ya udongo mkavu, kwa sababu tabaka la nyasi litazuia hata mvua ndogo kufika chini. Wakati mzuri ni mwishoni mwa mvua, udongo ukiwa bado umeshiba maji.

Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10. Tuta la mita 1 kwa mita 3 likifunikwa kwa sentimita 10 linahitaji magunia makubwa mawili hadi matatu ya majani yasiyoshindiliwa, kwa hiyo anza kukusanya mapema. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila shina. Shina lililofunikwa hubaki na unyevu muda wote na huweza kuoza.

Mchicha uliosiwa kwa mbegu usiufunike mapema. Subiri miche ifikie urefu wa kidole, ndipo upenyeze majani katikati ya mistari. Kwenye kitalu, nyasi zinazofunika mbegu ziondolewe mara miche inapochomoza, na iwe jioni ili isiungue na jua.

Wanaoishi nyumba za kupanga na kulima kwenye viroba, magunia au ndoo zilizotoboka nao hawakuachwa nje. Sentimita 3 za majani yaliyokatwakatwa au maganda ya mpunga zinatosha.

Cha kutumia na cha kuepuka

Majani makavu ya miti, majani ya migomba, mabua ya mahindi yaliyokatwa vipande na maganda ya maharage yote yanafaa. Majani mabichi ya alizeti pori huoza haraka na kurutubisha udongo. Magazeti ya zamani yasiyong'aa, yakilowekwa na kutandikwa karatasi tatu hadi tano chini ya nyasi, huzuia magugu vizuri zaidi.

Epuka nyasi zenye mbegu, la sivyo utakuwa umepanda magugu mwenyewe. Sangari mbichi ni hatari zaidi, kwani vipande vyake huchipua upya. Mabaki ya nyanya zilizougua yasirudi bustanini. Vumbi la mbao likichanganywa na udongo hunyang'anya mimea naitrojeni na majani hugeuka manjano, na lile la mbao zilizotiwa dawa lisitumike kabisa. Ukinunua nyasi au mabua, muulize muuzaji kama shamba lilipuliziwa dawa ya magugu.

Matatizo ya kutarajia

Mchwa hupenda mabua makavu. Tumia majani laini zaidi, yaweke mbali na mashina na kagua mara kwa mara. Wakati wa masika konokono hujificha chini ya tabaka nene. Lipunguze, na usiku pita na tochi ya simu uwaokote. Kuku watachakura kila kitu wakitafuta wadudu, hivyo zungushia wavu au matawi ya miiba.

Kwa usalama wa watoto, rundo la majani lisikae karibu na ukuta wa nyumba, kwa kuwa nyoka na nge hupenda maficho ya namna hiyo. Mtoto avae viatu na majani yageuzwe kwa reki au fimbo, si kwa mikono mitupu.

Matandazo hayamaanishi kuacha kumwagilia. Sogeza majani kidogo, ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha hadi kesho. Ukikuta ukavu, mwaga maji polepole karibu na shina. Tabaka likipungua, ongeza.

Anayesita anaweza kujaribu kwa matuta mawili yanayolingana, yenye mboga ileile iliyopandwa siku moja. Moja lifunikwe, jingine liachwe wazi. Mpe mtoto wa shule daftari aandike kila ndoo inayomwagwa kwenye kila tuta na kila siku ya palizi. Baada ya wiki nne hesabu itakuwa yenu wenyewe, na mtakuwa mmejua majani ya kesho asubuhi yaelekee wapi.