Risasi Damuni: Kitunguu Saumu Kinaweza Nini?

Mwili huidhania risasi kuwa kalisi. Huipokea, kisha huiweka akiba mifupani, ambako hukaa miaka mingi. Kabla ya kufika huko hunasa kwenye salfa iliyomo katika vimeng'enya, vikiwamo vinavyosaidia kutengeneza damu. Glutathioni, mlinzi mkuu wa seli, naye ana salfa, hivyo hutekwa. Akipungua, molekuli haribifu zitokanazo na oksijeni hubaki zikitafuna kuta za seli.

Hapo ndipo watu huikumbuka mimea. Manjano, mlonge, choya na kitunguu saumu vina antioksidanti, ambazo hutuliza molekuli hizo. Maabara zimeonyesha mara nyingi kwamba panya waliopewa risasi pamoja na dondoo za mimea ya namna hii huumia ini na figo kidogo kuliko wenzao. Ila panya hao aghalabu huanzishiwa kinga siku ileile ya sumu, au hata kabla. Nani kati yetu hupewa sumu kwa miadi?

Kwa binadamu, ushahidi ni haba. Nchini Iran, utafiti uliochapishwa 2012 uliwahusisha wafanyakazi 117 wa kiwanda cha betri za magari. Baadhi walipewa kitunguu saumu, wengine penisilamini, dawa ya hospitali, kwa wiki 4. Risasi damuni ilipungua kwa waliokula kitunguu pia. Si jambo la kubezwa, lakini wiki 4 hazisemi lolote kuhusu iliyokwisha kulala mifupani. Na mfanyakazi akirudi kwenye vumbi lilelile, anafua maji ya jahazi lisilotiwa kalafati.

Tena mmea wenyewe waweza kuibeba sumu. Bangladesh, wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa rangi ya kromati ya risasi; mwaka 2019 sampuli 47 kati ya kila 100 za sokoni zilikuwa na risasi. Serikali ilipowabana, 2021 haikuonekana hata moja. Hakuna antioksidanti iliyowahi kufanya kazi hiyo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaanzia papo hapo: tafuta chanzo, kiondoe. Mtoto aliyepungukiwa chuma au kalisi aongezewe, na sumu ikizidi sana apewe dawa za kuinasa na kuitoa. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliiokota risasi kwa kuishi tu jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Kama mwanao anacheza karibu na shughuli hiyo, mpeleke akapimwe damu. Kitunguu saumu kitawasubiri jikoni.