Amonia Si Dawa ya Kichocheo Kilichochoka

Swali ninaloletewa na mafundi wa boila za makaa ya mawe, kila oksidi za nitrojeni zinapopanda katika dohani, ni lile lile: tuongeze amonia kiasi gani? Nalo ni swali baya, kwa kuwa limekwisha kuhukumu, kabla ya uchunguzi wowote, kwamba upungufu umo katika amonia, ilhali aghalabu umo katika kichocheo chenyewe, yale matofali ya titani na vanadi yenye matundu, ambamo amonia hukutana na oksidi hizo katika joto la nyuzi 300 hadi 400 hata zikageuka nitrojeni na mvuke.

Molekuli moja ya amonia yatosha takriban molekuli moja ya oksidi, na iliyozidi, isipopata mahali pazima juu ya kichocheo, hupita bure. Walakini haipotei, bali huko mbele, katika kipasha hewa, moshi unapopoa, hushikana na trioksidi ya salfa, ambayo kichocheo hicho hicho huizalisha kidogo kidogo, zikafanya bisulfati ya amoni, chumvi yenye kunata, ilayo chuma na kukamata majivu hata njia za moshi zikaziba. Basi afunguaye vali zaidi hakuponya kitu. Ameongeza maradhi ya pili juu ya yale ya kwanza.

Wala nisiambiwe tena kwamba kichocheo hakiishi katika mmenyuko, kwa hiyo hakichoki. Hakiishi, naam, lakini hupata sumu. Ujerumani Magharibi, ilipofunga vichocheo hivi katika miaka ya 1980, ikiwafuata Wajapani waliotangulia, ilidhihirika kwamba katika boila ziyeyushazo majivu na kuyarudisha tanurini, mvuke wa aseniki hukithiri na kuua kichocheo mapema mno. Dawa ikawa mawe ya chokaa yaliyochanganywa na makaa, yakaifunga aseniki kabla haijafika. Amonia isingaliwafaa kitu!

Kwa hiyo pimeni kwanza mtawanyo wa amonia, maana pengine upande mmoja una njaa na wa pili umeshiba, pulizeni majivu, msiingize amonia moshi ukiwa chini ya joto aliloagiza mtengenezaji, pelekeni kipande cha kichocheo maabara kila mwaka, jazeni kichocheo kipya katika tabaka lililoachwa wazi kwa ajili yake, kisha badilisheni matabaka makongwe kwa zamu. Kilichodhuriwa na potasi huenda kikaoshwa. Kilichosagwa na majivu hakioshiki, kinunuliwe kingine.